Mama Epiphanie na Punje ya Mia Moja Themanini na Nane

Sogeeni, enyi wa Masisi mnaolima maharagwe juu ya vilima vilivyosimama wima hata mguu mmoja wa mkulima ukawa mfupi kuliko mwenzake! Sogeeni nanyi wa Walikale, mnaokaa chini ya miti mikubwa hata jua likawa mgeni wenu, na ninyi wa Sake, mlioketi njia panda mkijua habari za kila mtu kabla yeye mwenyewe hajazijua! Wekeni majembe chini, zimeni redio, na anayemenya muhogo na amenye taratibu asinikatize kwa kisu chake. Maana nataka kuwapa habari ya vita visivyomwaga hata tone moja la damu, nasi habari za vile vingine tunazo za kutosha. Ni vita vya kalamu na kidole gumba, vita vya punje moja ya haragwe, ambavyo Mama Epiphanie Uwimbabazi wa Kashuga, mwandishi wa kamati, mwenye magoti yanayojua mvua kabla ya mawingu, alivipiga mbele ya meza ya serikali siku ya Ijumaa, kati ya saa tano kasoro robo na saa sita kamili ya mchana.

Asili ya vita ilikuwa bomba la maji. Lilisimama katikati ya kijiji, bomba moja tu, nalo lilifungwa kwa kufuli la chuma, na ufunguo wa kufuli ulining'inia shingoni mwa Papa Habineza, mwenyekiti wa kamati ya maji kwa miaka tisa. Habineza hakuwa mtu mbaya. Nalisema hilo mapema ili jamaa zake wasije wakanisubiri njiani. Ila alifungua bomba siku aliyoamka vizuri, na akalifunga siku aliyosalimiwa vibaya, na kwa bahati mbaya watu wa Kashuga hawajui sana kusalimia. Bomba likifungwa, wanawake walishuka mtoni, ngazi mia tatu za tope kwenda chini, na ngazi zile zile mia tatu kupanda juu, bidoni ya lita ishirini mgongoni na mkanda wake ukivuta kipaji cha uso. Epiphanie alizipanda miaka yote tisa. Magoti yake yalikuwa yakilia kama mlango wa zamani, na kila usiku aliyakanda kwa mafuta ya mawese akiyaomba radhi.

Basi ukaitishwa uchaguzi. Upande huu alisimama Papa Habineza mwenyewe, na ufunguo wake. Upande ule alisimama Mama Gentille Rukundo, fundi cherehani, ambaye hakuahidi barabara wala shule, bali jambo moja tu: kwamba bomba litafunguliwa saa kumi na mbili za asubuhi kila siku aliyoiumba Mungu. Na kwa kuwa karatasi za kura hazikuwapo, na wengi hawakusoma, wazee wa kijiji waliamua kila mpigakura atie kidole gumba kwenye orodha, apewe punje moja ya haragwe, aingie nyuma ya pazia la turubai, aitumbukize katika sufuria ya amtakaye. Kifuniko cha kila sufuria kilikuwa na tundu dogo. Kwenye moja ilichorwa sindano, kwenye nyingine ufunguo.

Jioni punje zikahesabiwa hadharani. Sindano, tisini na tano. Ufunguo, tisini na tatu. Lo, vigelegele vilivyopanda siku ile! Vilimfanya Epiphanie, aliyekuwa ameshika kalamu, asahau jambo ambalo mwandishi hapaswi kulisahau: hakujumlisha. Aliandika idadi ya vidole vya kwenye orodha, akaandika tisini na tano yake, akaandika tisini na tatu yake, akatupa kalamu, akacheza. Ningekuwapo ningecheza pia.

Lakini ushindi wa kijijini si ushindi mpaka serikali iuone. Kanuni ilibandikwa kwenye mlango wa kanisa: matokeo yapelekwe kwenye ofisi ya posti, ndicho kituo cha serikali cha eneo, yakaguliwe, yathibitishwe kwa saini na muhuri kabla ya saa sita mchana ya siku ya saba. Yasipothibitishwa, uchaguzi ni kama haukufanyika, na ufunguo unabaki pale ulipo mwaka mzima mwingine. Na Shefu wa posti alikuwa safarini siku sita zote, asirudi ila Ijumaa ile, siku ya saba.

Ndipo Epiphanie alipojivika silaha. Alifunga kitenge chake kipya mara mbili kiunoni. Vifurushi viwili vya punje, kila kimoja kimefungwa fundo na kutiwa saini za mashahidi, akaviweka ndani ya kitunga. Orodha ya vidole na karatasi ya matokeo akazifunga ndani ya mfuko wa plastiki zisilowe. Chupa ndogo ya maji ya mtoni akaichomeka ubavuni. Akaweka mkanda wa kitunga kwenye kipaji, akainama mbele, akaushika mlima. Nyuma yake alitembea Koko Nyirabagenzi, ajuza wa miaka themanini na ushei, bibi wa kijiji kizima, aliyekuwa akipeleka maharagwe yake kuuza uani mwa ofisi, kwa kuwa watu wanaosubiri serikali hununua kila kitu. Na nyuma ya wote, kwa hatua za mtu asiye na haraka, alikuja Papa Habineza, ufunguo ukimchezacheza kifuani.

Kwa muda wa saa mbili walitembea. Tope liliwadai viatu, wakavivua. Daraja la miti mitatu lilikuwa limebaki na miti miwili. Epiphanie akalivuka ubavu ubavu, akiwa amekumbatia kitunga kifuani, huku akiyatukana magoti yake kwa sauti ya chini ili yasiaibike mbele za watu. Habineza alimpa mkono kwenye ncha ya pili, maana uadui wa bomba hauondoi adabu ya njiani.

Hata saa tano kasoro robo wakafika. Na ni nani aliyeketi nyuma ya meza ile? Ni Shefu Benoît, aliyehamishwa kutoka Walikale, mwana wa msitu, mrefu, mkavu, miwani yake imefungwa kwa uzi mweupe, mkaguzi ambaye habari zake zilikuwa zimemtangulia milimani. Ilisemekana aliwahi kurudisha karatasi ya ndoa kwa sababu bwana harusi alitia saini kwenye mstari wa shahidi, na bi harusi akangoja wiki mbili. Mbele yake palikuwa na rejista, kalamu, muhuri ambao kwetu huitwa kashe, na saa ya mezani iliyokwenda kwa kishindo. Nje pikipiki ilikuwa ikimngoja, maana saa sita angeondoka kwenda Sake.

Epiphanie akatua kitunga, akanyoosha mgongo, akanena kama anenavyo jemadari mbele ya ngome:

“Papa Shefu! Mie njo Epiphanie Uwimbabazi, sekretere wa kura ya bomba ya Kashuga. Nimevuka matope, nimevuka daraja yenye haiko tena daraja, nimekuya na sauti ya bantu mu hii kitunga. Angalia, hesabu, piga kashe, ili bamama ba Kashuga bapumzike!”

Shefu Benoît akavua miwani, akaifuta, akairudisha.

“Mama, karibu. Lakini ujue kitu kimoja. Serikali haipende muntu, na haichukie muntu. Serikali inahesabu.”

Akahesabu. Alivunja fundo la kwanza mbele ya Epiphanie na Habineza, akamwaga punje juu ya rejista, akazisogeza kwa ncha ya kalamu, mbili mbili, kama mtu anayevusha kondoo. Tisini na tano. Akavunja la pili. Tisini na tatu. Akaandika, akajumlisha. Kisha akaikunjua orodha, akapita juu ya kila alama ya kidole kwa kidole chake mwenyewe, ukurasa hadi ukurasa, na mbuzi wa nje wakasikika wakitafuna. Alipofika mwisho akakunja uso. Akarudia. Akazihesabu punje tena, safari hii tano tano. Akarudia vidole.

“Mama Epiphanie. Balipiga kura bantu wangapi?”

“Mia moja na makumi munane na saba, Papa Shefu.”

“Na maharagi iko ngapi?”

Hapo ndipo Epiphanie alipojumlisha, siku saba baada ya siku aliyopaswa kujumlisha, na damu ikamshuka kutoka kichwani hadi kwenye tope la vidole vya miguu. Mia moja themanini na nane. Punje ilizidi.

Papa Habineza akainuka. Alijitahidi kuuweka uso wake katika hali ya msiba, lakini mashavu yalimsaliti.

“Bandugu!” akasema, na bandugu wenyewe walikuwa watu wawili. “Nasimama hapa bila furaha. Roho yangu inalia. Lakini sheria ni sheria. Vidole iko mingapi, maharagi iko mingapi? Kama maharagi moja ilikuya yenyewe kupiga kura, kesho na mihogo itakuya! Basi tuache kura hii ilale, na huu ufunguo, hata kama unanilemeaka shingo, nitaubeba tena mwaka moja. Nitafanya nini? Ni juu ya raia.”

“Sijapiga kashe, na sijakatala,” akasema Shefu Benoît. “Sheria inasema: kama hesabu haikubali, lazima mwenye kuleta aeleze. Mama, iko saa tano na dakika ishirini. Saa sita nafunga kitabu. Eleza: hii mbegu ilitoka wapi?”

Epiphanie hakujua ilitoka wapi. Alitoka nje asije akalia mbele ya wanaume wawili. Alisimama chini ya upenu wa bati, akaona kijiji chake kwa macho ya moyo: bidoni za njano zimepangwa mstari mbele ya bomba tangu alfajiri, Gentille amesimama pale na kitambaa kipya kichwani, na wanawake wanatazama njia. Akaziona na ngazi mia tatu. Aliona uchungu, wala sitalipamba neno hilo. Aliona uchungu, na uchungu ulikuwa mkubwa zaidi kwa sababu kosa lilikuwa lake, la kucheza kabla ya kujumlisha. Na zaidi ya yote, alijua kesho watasema ni yeye aliyeitia punje ile.

Mbele yake, juu ya gunia lililotandikwa, Koko Nyirabagenzi alikuwa akimpimia mwalimu mmoja maharagwe. Alijaza kopo hadi likawa na kilima chake, akalimimina katika mfuko wa mwalimu. Kisha, bila kutazama, bila kukatiza maneno aliyokuwa akisema juu ya mvua, mkono wake ukarudi wenyewe kwenye lundo, ukachota kidogo, ukatia juu. Ndiyo matabishi, ile nyongeza ambayo muuzaji wa kwetu humtilia mnunuzi baada ya kipimo kujaa, na asiyeitia huonwa mtu wa roho mbaya hata na watoto wake.

Epiphanie akautazama mkono ule. Akautazama ukirudi kwenye lundo, mkono uliotia matabishi miaka sabini sokoni na usioweza tena kujizuia. Ndipo pazia la turubai likafunguka akilini mwake.

“Koko!” akalia, akapiga magoti kwenye matope, na magoti hayakuthubutu kulalamika. “Koko wangu, nambie kweli ya Mungu. Siku ya kura, kule nyuma ya turubai, ulitiaka mbegu ngapi?”

Ajuza akamshangaa kama mtu aliyeulizwa kama huwa anapumua.

“Kwani weye ungetia ngapi? Balinipatia moja, nikatia. Kisha nikafungua kitenge yangu, nikatosha ingine mule, nikatia matabishi. Nitapimia muntu mbegu moja kavu, kama muntu mwenye hana wazazi?”

Waliosikia wanasema Epiphanie hakumwongoza ajuza yule kuingia ofisini, alimbeba. Saa ilikuwa sita kasoro dakika ishirini na mbili. Akamweka mbele ya meza kama anavyowekwa mateka wa thamani, na Koko akarudia maneno yake yote, akaongeza na mengine juu ya wauzaji wa siku hizi. Shefu Benoît akasikiliza hadi mwisho. Kitu kilitetemeka chini ya masharubu yake, lakini kilidhibitiwa.

“Basi mbegu imepata mama yake,” akasema. “Lakini ilianguka mu sufuria gani? Lazima nijue nitatosha mbegu kwa nani, nimupunguze.”

“Aa, hiyo niko nakumbuka muzuri!” akasema Koko. “Ya kura nilitia kwa...”

“Hapana!” Shefu akapiga kelele, akaziba masikio kwa mikono miwili, na kalamu ikaruka hadi dirishani. “Mama, usiseme! Kura njo siri! Ukisema hapa, mie mwenyewe nitaharibu uchaguzi yote!”

Mkaguzi anahitaji kujua, na mkaguzi amekatazwa kujua. Habineza akaanza tena kuuweka uso wake katika hali ya msiba. Lakini sikilizeni sasa, maana hapa ndipo Mama Epiphanie Uwimbabazi, aliyeshindwa kujumlisha, alipowashinda wote kwa kutoa.

Alikwenda mezani. Kwa mkono uliokauka tope aliziweka punje katika mafungu mawili, akainua kidole.

“Papa Shefu, Koko asiseme kitu. Mie nitakuuliza. Tosha mbegu moja huku kwa Gentille. Inabakia ngapi?”

“Makumi kenda na ine.”

“Na kwa Papa Habineza?”

“Makumi kenda na tatu.”

“Nani mukubwa?”

“Gentille.”

“Rudisha. Sasa tosha kwa Papa Habineza. Huku makumi kenda na tano, kule makumi kenda na mbili. Nani mukubwa?”

Shefu akapitisha macho fungu hadi fungu.

“Gentille.”

“Basi, Papa Shefu, tosha fasi yenye unapenda! Hata kama mbegu zote mbili za Koko zilikuwa mu sufuria moja, iko vile vile. Siri ya Koko ibakie ya Koko, na bomba ifunguliwe!”

Habineza akatazama mafungu, akahesabu kwa midomo, akaketi. Na Shefu Benoît, simba wa karatasi, akaifungua rejista ukurasa wa kulia, mahali palipoandikwa *Maoni*, safu ambayo ilikuwa nyeupe tangu alipofika kutoka Walikale. Akaandika kwa mwandiko wa shule ya mapadri, akisoma kila neno kwa sauti: “Imezidi. Mbegu. Moja. Sababu: matabishi. Haibadilishe. Mushindi.” Akatia saini. Saa ilikuwa sita kasoro dakika tisa.

Akachukua muhuri, akaupiga kwenye kisanduku cha wino, akaupiga kwenye karatasi. Karatasi ikabaki nyeupe. Wino ulikuwa umekauka siku sita zote alizokuwa safarini. Akapiga tena, akaupulizia pumzi, akapiga kwa ngumi hata rejista ikaruka. Weupe mtupu! Nje, mwendesha pikipiki akawasha injini.

“Bila kashe ni karatasi tu,” akasema Shefu, na safari hii sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye huzuni. “Maji iko? Tone moja.”

Ofisi haikuwa na maji. Kila mmoja akamtazama mwenzake. Kisha Epiphanie akachomoa ubavuni ile chupa ndogo, maji ya mtoni, ya mwisho, aliyoyapandisha ngazi mia tatu alfajiri ile. Na ingawa koo lake lilikuwa kavu tangu darajani, hakunywa. Akainamisha chupa juu ya kile kisanduku. Tone moja. Jingine. Zambarau ya wino ikafufuka.

Muhuri ukashuka. Ulishuka kombo, kichwa chini, nusu yake juu ya jina la Gentille, lakini ulishuka, na kila herufi yake ilisomeka. Dakika nne zilikuwa zimesalia. Papa Habineza akauvua ufunguo shingoni, akaushika kiganjani kwa muda mrefu kidogo, akampokeza Epiphanie. Shingo yake ilikuwa na mstari mweupe pale kamba ilipokaa miaka tisa, na Epiphanie, nasema kweli, alimhurumia.

Sitawaelezea safari ya kurudi, maana furaha haioni njia. Saa tisa walipotokeza juu ya kilima, bidoni themanini zilikuwa mstarini, na Epiphanie akaiinua karatasi juu ya kichwa chake. Kelele iliyopanda iliwafanya kuku wa kijiji waruke kwenye paa. Gentille akatia ufunguo, akauzungusha. Bomba likakohoa, likatema hewa, likatema maji mekundu, kisha likatiririka safi. “Uwimbabazi!” wakaimba. “Mushinda wa kashe! Mama wa hesabu! Mwenye kuleta mvua mu karatasi!” Na mtu akasema kwamba mtoto yeyote atakayezaliwa Kashuga mwaka huu ahesabiwe kuwa amezaliwa mwaka wa Punje Iliyozidi, na wazee wakakubali pale pale bila kupiga kura.

Mwisho kabisa wa mstari, kwa hatua za mtu asiye na haraka, alikuja Papa Habineza na bidoni yake. Watu wakapunguza sauti. Gentille akampokea, akaijaza hadi shingoni, akafunga bomba. Lakini Epiphanie akachukua kikombe, akafungua bomba tena kidogo, akakijaza, akakimimina juu ya bidoni iliyokwisha kujaa, maji yakateremka pande zote mpaka kwenye miguu ya mzee.

Habineza akautazama mkono wa Epiphanie. “Hii ni ya nini?”

“Pokea, mwanangu,” akasema Koko Nyirabagenzi kutoka kwenye jiwe alilokalia. “Ni matabishi. Na mie ile siku nilikutilia yako. Ya kura nilimupa Gentille. Ile ingine nilisema, hapana, huyu mutoto asirudi nyumbani mikono mutupu.”

Habineza akasimama na bidoni yake, akacheka mpaka akalazimika kuitua. Na kijiji kizima, kilichosikia hadharani siri iliyomfanya Shefu azibe masikio, kikacheka naye.